Mkeka Mweupe wa Sikudhani

Katika mji ule hakuna aliyeulizwa ana miaka mingapi. Aliulizwa ana mashupatu mangapi, na jibu lilikuwa limekunjwa kwenye pembe ya nyumba yao: mkeka. Mtoto akizaliwa, mama yake husuka shupatu la kwanza, utepe wa ukindu wenye upana wa vidole vitatu, na tangu hapo kila jambo kubwa linapomgusa moyoni yule mtoto, shupatu jingine husukwa na kushonwa kando ya lililotangulia. Mwaka hawakuujua. Jua lao lilikuwa na tabia ya kusimama mahali pamoja kama mgeni asiyejua kama amekaribishwa, na kuna siku zilirudi nyuma bila kumwomba mtu ruhusa, ukamkuta bibi yako ni mtoto, anacheza rede na wewe, kisha kesho yake ni bibi tena. Lakini mashupatu hayakurudi nyuma. Hiyo ndiyo saa pekee waliyokuwa nayo.

Na shupatu lilikuwa na siri yake. Ukindu ukianikwa huwa mweupe, hilo kila msusi analijua, na katika mji ule hakuna aliyeutia rangi kwa mkono wake. Mtoto alilishika shupatu lake akiwa analia, au anatetemeka, au amefura, na rangi ikaja yenyewe: nyekundu ya choya kwa hasira, manjano ya bizari kwa hofu, samawati nzito kwa huzuni, na kwa furaha rangi ambayo hawakuwahi kuipa jina kwa sababu haikukaa muda wa kutosha watu wakabishana juu yake. Rangi hiyo ilitoka wapi? Ilikuwa mali ya nani, ya mtoto aliyelia au ya mama aliyesuka? Hayo ni maswali ya Sikudhani, naye ndiye mwenye hadithi hii, basi tumwendee.

Sikudhani binti Athmani alikuwa na mkeka mweupe kuliko yote mjini. Watu walikuja kuutazama. Walivua viatu mlangoni, hapana, nimesema uongo, katika mji ule watu hawakuvua viatu mbele za watu, na sababu yake tutaifikia. Waliingia na viatu vyao, wakaupapasa ule mkeka kwa viganja, wakasema, "Mashallah, Bi Hidaya, mtoto huyu katulia kama maji ya mtungini." Bi Hidaya, mama yake, alimimina kahawa na kutabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Mkeka wenye rangi ulikuwa aibu. Ulimaanisha nyumba yenye kelele, wazazi walioshindwa, mtoto anayepayuka. Kwa hiyo kila mama mwenye kujiheshimu alikuwa na sufuria kubwa nyuma ya nyumba, na ndani ya sufuria maji ya majivu, na shupatu la mwanawe likishika rangi asubuhi, mchana lilikuwa linachemka. Lilichemka mpaka rangi ikatoka yote na kwenda zake na mvuke. Kisha likaanikwa, likashonwa, na mtoto akaambiwa: unaona? Hakukuwa na kitu.

Ule mvuke ulikaa juu ya mapaa ya mji. Wakauita mawingu.

Tuseme ukweli, Sikudhani hakuzaliwa ametulia. Alipokuwa na mashupatu saba alikuwa na mbuzi mdogo aliyeitwa Kijeba, mwenye doa jeupe kwenye sikio la kushoto. Kijeba alikula kamba ya kuanikia nguo, ikamsonga, akafa huku Sikudhani amemshika shingo. Mtoto alilia mpaka shupatu mikononi mwake likawa samawati ya kutisha. Baba yake, Athmani, mtu mcheshi ambaye watu walimpenda kwa vichekesho vyake, hakuweza kukaa karibu na kilio kile. Kilimkera kama mchanga kwenye wali. Akatoka mbio. Kabla machozi hayajakauka akarudi na mbuzi mwingine, mdogo vilevile, mwenye doa jeupe kwenye sikio la kushoto.

"Si huyu hapa?" akasema, akimpangusa uso kwa pindo la shati. "Si kitu, mwanangu. Kijeba si huyu hapa?"

Alimpenda bintiye, hilo lisibishaniwe. Lakini hebu tukae kidogo na yule mtoto, uso mkavu, mbuzi mpya mapajani. Aliyekufa yuko hapa, anatafuna. Basi aliyekuwa analia alikuwa analilia nini? Na kama hakukuwa na cha kulilia, yule aliyelia alikuwa nani? Sikudhani alimwangalia mbuzi, akaangalia shimo ambalo baba alikuwa ametoka kulifukia, akaangalia mikono yake mwenyewe, na kwa mara ya kwanza hakuwa na hakika kama ni yake. Akamwita mbuzi kwa jina la marehemu. Mbuzi akaitika. Kwa hofu aliyokuwa nayo, akacheka, na baba akacheka pia, akafurahi kwamba jambo limekwisha.

Alipofika mashupatu kumi na tisa, wenzake kisimani walimwaga maji ya ndoo yake na kumtoa khanga ya kichwani mbele ya watu, wakamzomea. Alifika nyumbani meno yanagongana. Ukindu alioushika ulikuwa mwekundu hata kabla haujasukwa.

"Una nini wewe?" mama akauliza, akiangalia mlango kama umefungwa.

"Nina hasira, mama! Nina hasira nao, natamani..."

"Nyamaza. Watu wanasikia." Bi Hidaya akamshika kidevu. Mkono wake ulikuwa laini. "Hiyo si hasira. Mtoto wangu hana hasira. Una njaa. Njoo ule."

Kulikuwa na mihogo ya nazi. Sikudhani akala. Akala mpaka sufuria ikaonekana chini, na kweli kule kutetemeka kukakoma, au kulifunikwa na muhogo, huwezi kujua. Siku nyingine aliposema anaogopa, mama alimwambia amepata baridi, akamfunika shuka mbili. Aliposema moyo umemwinamia, akaambiwa ni usingizi, kalale. Hivyo ndivyo alivyokua. Vitu vyote vilivyopita kifuani mwake vikapewa majina matatu, njaa, baridi na usingizi, na kila jina lilikuwa na dawa yake tayari, na baada ya dawa mama alichukua shupatu akaenda nalo nyuma ya nyumba.

Msichana huyo alikuwa na sauti ndani yake, ila haikuwa na maneno ya kutosha. Tukiweka sikio tunaisikia:

Nina njaa. Nimekula. Nina njaa.

Jana Zawena aliniuliza, una nini, nikamwambia baridi. Jua la utosi. Jasho linanitoka. Baridi.

Kuna mtu anagonga ndani yangu. Nimfungulie kwa mlango upi?

Na kila asubuhi ya mji ule, mvua ikinyesha au isinyeshe, palikuwa na nyayo za tope sakafuni. Zilitoka kitandani kwa wazazi, zikaenda jikoni, zikarudi. Sikudhani alizipangusa kwa kitambaa kabla wageni hawajaja. Aliwahi kuuliza mara moja tu. "Paka kapita," mama akajibu. Nyayo zilikuwa na vidole vitano. Hawakuwa na paka.

Sasa, mji ule ulizungukwa na tope pande zote, na ng'ambo ya tope kulionekana moshi wa nyumba nyingine, na huko ndiko mtu alikokwenda kuwa mtu. Kijana akitimiza mashupatu arubaini hupelekwa ukingoni na wazazi wake, akautandika mkeka wake juu ya tope, akavuka. Ajabu ya tope lile ni kwamba halikuwa na upana wake lenyewe. Lilikuwa na upana wa maisha ya anayelivuka: shupatu moja, hatua moja. Aliyevuka hakurudi, ila moshi uliongezeka. Asiyevuka alivutwa kwa kamba ya wazazi akarudishwa nyumbani, akaoa au akaolewa, akazaa, akaishi. Lakini alichoacha ndani ya tope hakikutoka naye. Tangu siku hiyo, kuanzia magotini kushuka chini, alikuwa tope. Alitembea, alicheza ngoma, alisimamia harusi, na miguu ilikuwa tope lenye umbo la miguu, inayoacha alama popote anapopita. Ndiyo maana khanga za mji ule ziliburura chini. Ndiyo maana hawakuvua viatu. Mji mzima ulijengwa na watu walioshindwa kuondoka, na kila mmoja aliamini ni yeye peke yake.

Sikudhani hakuyajua haya. Watoto hawaambiwi.

Kulikuwa na mwanamke mmoja tu asiyeficha, jirani yao, Bi Mwatima, mama wa Zawena. Huyu alifunga khanga magotini, tope lake linaonekana, linachuruzika sokoni, watu wanamcheka, na watoto wanaambiwa ni maradhi yake. Mkeka wa Zawena nao ulikuwa kituko: mabaka mekundu, michirizi ya manjano, samawati tupu katikati pale baba yake alipofariki. Bi Mwatima hakuwa na sufuria ya majivu. Sikudhani aliwahi kuwakuta uani, Zawena analia kwa kwikwi, mama yake amekaa naye kwenye jamvi anasuka bila haraka.

"Ni hasira hii, au ni aibu?" Bi Mwatima alikuwa akiuliza.

"Sijui!"

"Haya. Tukae mpaka ujue."

Sikudhani aliona kichefuchefu. Hivyo ndivyo alivyojisikia, na tumwamini. Alitazama pembeni kama mtu aliyemfuma mwenzake akioga, akaondoka bila hata kusema shikamoo, na njiani alijiambia kwamba ana njaa.

Siku ya kutandika ilipofika, jua lilisimama juu ya ukingo likagoma kusogea. Mji mzima ulikuwepo. Zawena alitangulia. Mlinzi wa ukingo, mzee aliyevaa kanzu ndefu iliyomfika vidoleni na kupita, alimwuliza swali wanaloulizwa wote:

"Umebeba nini kifuani?"

"Nimebeba hofu," Zawena akasema, sauti inamkatika. "Na namwonea huruma mama, anabaki peke yake. Na nina hamu ya kwenda. Na kidogo nina hasira nanyi, mmeucheka mkeka wangu."

Watu wakaguna. Wengine wakaziba masikio ya watoto wao. Zawena akatandika ule mkeka wake wa mabaka, akalikanyaga shupatu jekundu, likashika. Akakanyaga la manjano, likashika. Alivuka akilia kwa sauti, kamasi zinamtoka, katika samawati alisimama akapiga magoti kwa muda, akainuka, akaendelea. Aliporuka ng'ambo hakuna aliyepiga makofi isipokuwa Bi Mwatima, na hata yeye alikuwa analia. Mkeka wenyewe ulibaki unaelea kidogo, kisha tope likaufunika.

"Bahati," akasema mtu. "Sasa tazameni mkeka wenyewe."

Sikudhani akaja mbele. Mkeka wake ulitoa mwanga juani, na umati ukavuta pumzi kwa kuupenda. Baba yake alisimama nyuma yake na kamba begani, ile kamba ya wazazi, nyeupe, imesokotwa kwa vipande vya mikeka iliyoshindwa kabla. Mama yake alisimama na mdogo wake Sikudhani, Mashavu, mwenye mashupatu matano, amemshika mkono.

"Umebeba nini kifuani?"

Sikudhani alitafuta. Naomba msomaji asimcheke, alitafuta kweli. Alishuka ndani mwake kama mtu anayetafuta kitu kabatini kwa kupapasa, akagusa kitu kikubwa, kinachopumua, chenye joto, akakigeuza huku na huku akitafuta jina lake, na jina halikuwepo, mahali pa jina palikuwa pamechemshwa.

"Njaa," akasema.

Kicheko kilipita ukingoni. Baba ndiye aliyecheka kwa nguvu zaidi, kumsaidia. "Si kitu! Si kitu, mwanangu, nenda!"

Akatandika. Hatua ya kwanza mkeka ulilia, kwaa, kama jani kavu. Ukindu uliochemshwa mara moja hukakamaa. Uliochemshwa ukachemshwa hauna tena nyuzi ndani, ni umbo tu. Hatua ya pili ukapasuka. Hatua ya tatu haikukuta kitu, na tope likampokea hadi magotini. Halikuwa baridi. Lilikuwa na joto la mwili, na alilitambua: lilikuwa na joto la ule mvuke wa nyuma ya nyumba yao. Kila kilichopanda kutoka kwenye sufuria za mji ule kilikuwa kimeshuka hapa. Alikuwa amesimama ndani ya hasira yake ya kisimani, na ya mama yake, na ya wote waliomzomea kisimani na ya mama zao. Na hakuwa na mkeka.

"Shika kamba!" baba akaita, akiirusha. Ilimwangukia begani, laini, nyeupe. "Shika turudi nyumbani. Hakuna kilichotokea!"

Pale ukingoni Mashavu aliona miguu ya dada yake haipo. Akafungua mdomo, akapiga ukelele ambao ndege waliupisha. Shupatu dogo alilokuwa nalo mkononi likageuka manjano.

Na Sikudhani, akiwa kwenye tope, akasikia sauti ikisema, sauti laini, ya upole, inayoangalia mlango:

"Nyamaza, Mashavu. Watu wanasikia."

Aligeuka kumtafuta mama. Mama alikuwa amefunga mdomo. Sauti ilikuwa imetoka kwake yeye.

Mashavu akanyamaza papo hapo. Alimeza, kooni pake kitu kikashuka kama tonge kubwa mno, na rangi ya manjano ikafifia kwenye shupatu bila hata kuchemshwa. Kisha Sikudhani akaona jambo ambalo hakuna mtu wa mji ule aliyewahi kuliona, kwa kuwa wote walikuwa wakitazama nyuso: juu ya ardhi kavu, kisigino cha Mashavu kikaanza kuwa tope. Kikalegea, kikachuruzika, kikapanda hadi kifundo. Haikuhitaji kungoja mashupatu arubaini. Haikuwahi kungoja. Ukingo ulikuwa mahali pa kuonyeshana tu yaliyokwisha kutendeka majumbani, na mzazi aliyedhani miguu yake ilibaki kwenye tope siku ya kutandika, aliipoteza jikoni kwa mama yake, akila mihogo.

Nani alianza? Sikudhani alijiuliza hilo, magoti yake hayapo tena. Nyuma ya mama yupo bibi, nyuma ya bibi yupo mama wa bibi, wote wanatazama mlango. Yuko wapi huyo mtu nje ya mlango, anayesikia? Amewahi kuonekana? Wamemchemshia watoto wao vizazi na vizazi, na labda pale nje hakuna mtu, kuna jirani tu, naye kajifungia, anatuogopa sisi.

"Kamba, Sikudhani!" baba akaita. Sasa hakuwa akicheka.

Angeishika. Nakwambia angeishika, mkono ulikuwa umeshafika. Kilichomzuia ni mama yake, ambaye aliangalia chini, akakiona kisigino cha Mashavu, na uso wake ukafanya kitu ambacho Sikudhani hakuwahi kukiona ukifanya. Bi Hidaya aliinama, akaishika khanga yake kwenye pindo, akaipandisha hadi juu ya magoti, mbele ya mji wote.

Mtu alipiga yowe. Wengine waligeuza vichwa, lakini kila mmoja aliinamia viatu vyake mwenyewe kwanza.

"Hidaya, funika!" Athmani akasema. "Una wazimu? Funika, watu..."

"Wanaona," Bi Hidaya akasema. "Najua."

Akashuka. Tope halikumzamisha, walikuwa wanajuana. Alifika kwa bintiye akasimama mbele yake, na kwa kuwa jua lilikuwa limesimama na siku haikujua iende wapi, Sikudhani alimwona msichana wa mashupatu arubaini, mwembamba, amekwama kwenye tope hilihili, mkeka mweupe umepasuka pembeni, akiishika kamba. Akapepesa macho, na msichana yule akawa mama tena. Mikononi alikuwa na lile shupatu la Mashavu lililopauka.

"Nililichemsha kila moja," Bi Hidaya akasema. "La mbuzi. La kisimani. Yote arubaini."

"Kwa nini?"

Midomo ya mama ilitaka kusema baridi. Tuliokuwa tunatazama tuliona herufi ya kwanza ikijikusanya. "Nilikuwa naogopa," akasema. "Ulipokuwa ukilia nilikuwa nasikia kilio changu mwenyewe. Nilitaka kinyamaze."

Manjano ikapanda kwenye shupatu mkononi mwake, hafifu, ya mtu asiyeizoea. Akalilaza juu ya tope kati yao. Likashika. Lilikuwa pana vidole vitatu, linatosha unyayo mmoja, na juu yake hakukuwa bado na alama ya mguu wa mtu.

Sikudhani alilitazama. Lile joto lenye kupumua lilipanda kutoka tumboni, likapita mahali pa njaa bila kusimama.

"Nina hasira," akasema. Alishangaa kwamba mbingu haikuanguka. "Nina hasira nawe, mama. Si njaa. Kijeba alikufa, mama. Alikufa, mkaniletea mwingine mkaniambia ndiye, na mimi nikawa najitafuta kwenye shimo lile siku zote hizi. Nakuchukia. Sikuchukii. Sijui."

Macho ya Bi Hidaya yakakimbilia ukingoni, kwa watu, kwa mazoea. Aliyarudisha kwa nguvu, kama mtu anayemvuta punda.

"Endelea," akasema.

"Sijui kinachofuata."

"Basi tukae mpaka ujue." Aliyasema vibaya, kwa sauti ya mtu anayejaribu kiatu cha jirani, na kule ukingoni Bi Mwatima akainua kichwa. Kisha Bi Hidaya akakaa, ndani ya tope, akafumua kwa kucha ukindu uliopasuka kwenye ule mkeka mweupe, akaanza kusuka upya. Uzi mmoja ukawa mwekundu. Ukafuata wa pili. Kutoka pale hadi ng'ambo zilibaki hatua thelathini na saba, na tope lilikuwa kiunoni kwa Sikudhani, likipanda taratibu bila chuki yoyote. Hakuna aliyejua kama mikono ingewahi.

Sikudhani akaitoa kamba begani. Akaiacha izame.

"Mashavu!" akaita. "Nilikosea. Lia!"

Mtoto hakulia. Alisimama na kisigino chake cha tope, midomo ameibana, na aligeuza uso wake taratibu kumtazama baba, kwa kuwa alikuwa amekwisha kujifunza kwamba jambo hili linaombewa ruhusa. Mji wote ukamtazama Athmani. Mcheshi yule alikuwa ameshika ncha ya kamba inayomtoka mikononi, anavutwa, mkewe na bintiye wako kwenye tope, na macho ya mtoto wa mashupatu matano yako usoni pake yakingoja kuambiwa ndani mwake mna nini. Akafungua mdomo. Maneno aliyokuwa nayo yalikuwa mawili tu, maisha yake yote.

"Si..." akasema.

Likamkwama la pili. Akajaribu tena, "Si...", na uso wake ukakunjamana, ukavurugika kabisa, na kutoka kwenye kifua cha mtu yule mpana ikatoka sauti ndogo, nyembamba, ya mtoto aliyepotelewa na kitu kabla hata hajapewa jina lake. Watu wakarudi nyuma hatua moja. Akapiga magoti mbele ya Mashavu.

"Ni kitu," akamwambia. "Ni kitu kikubwa, mwanangu."

Mashavu akalia. Alilia kwa mdomo wazi, na hakuna aliyemnyamazisha. Jua likasogea kidogo. Pale katikati ya tope Bi Hidaya aliendelea kusuka, mkono baada ya mkono, na Sikudhani, tope likiwa limemfika mbavuni, akajivuta juu, akakanyaga shupatu la kwanza, lile la manjano.